Siku Bi Mashavu Alipolichafua Bwawa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!"

"PAKAWA!"

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, kabla nzi hawajajifunza kukera watu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Mababu wa kijiji hicho walijenga ukuta wa mawe na udongo katikati ya mto, maji yakasimama, likawa bwawa. Walilitaka kwa mashamba ya mpunga. Mababu wakafa, mashamba yakahamia bondeni mbali, bwawa likabaki na kazi moja tu: kuogelea. Chubwi! Chubwi! Wazee kwa watoto, chubwi!

Aliyelipenda kuliko wote ni Jumbe Ngwali, mkuu wa kijiji. Alikuwa na tumbo, jamani, tumbo hilo lilikuwa likifika barazani kabla yake. Akilala chali majini, tumbo linaelea kama sufuria. Ukuta ulikuwa na mlango wa maji, wa magogo, wa kupunguzia maji mvua zikizidi. Jumbe akaamuru uzibwe kwa udongo. Kisa? Maji yakipungua, makalio yake yanagusa tope.

Basi palikuwa na bibi mmoja, Bi Mashavu. Baba yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa mwisho wa ukuta ule. Alimfundisha bintiye hivi: "Ukuta ukitoka jasho safi, uache. Ukitoka jasho jekundu, kimbia." Kwa hiyo kila mvua zikiisha, Bi Mashavu alishuka chini ya ukuta, akautazama kama mama anavyotazama makamasi ya mtoto.

Mwaka huo mvua zilinyesha vibaya. Asubuhi ya sikukuu ya mavuno akashuka. Akasikia: ti, ti, ti. Akainama. Jasho jekundu! Akalichota kwa kidole, akalisugua. Udongo laini, wa ndani kabisa. Hakungoja. Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Zibua mlango wa maji. Ukuta unaliwa ndani."

"Aa, bibi! Ukuta huu una umri mkubwa kuliko wewe, na bado umesimama."

"Mimi magoti yamekwisha, Jumbe. Sembuse huo?"

"Leo sikukuu. Kesho tutautazama."

"Kesho utatazama nini? Tope?"

Jumbe akacheka, akachukua taulo lake, huyoo, bwawani.

Bi Mashavu akarudi ukutani. Sasa ikawa tiriri, tiriri. Chini ya ukuta, pale penye kivuli kizuri, wanawake wameinjika wali wa nazi. Juu, kijiji kizima kimo majini.

"Tokeni! Ukuta unabomoka!"

"Bibi naye! Njoo uoge, joto limekupanda kichwani!"

Akawageukia wapishi. "Ondokeni hapo chini!"

"Onja mchuzi kwanza, bibi."

Akaonja. Chumvi imezidi. Akawaambia na hilo pia, lakini hakuna aliyenyanyuka.

Bi Mashavu akasimama peke yake, machozi yanamlenga. Waliomo mle ni wajukuu zake, mashoga zake, hata mkwewe asiyempenda. Na sasa maji yanasema shaaa. Akawaza. Kweli imeshindwa. Basi.

Akapanda jiwe lililo kwenye njia ya kilimani, akajishika kiuno, akapaza sauti:

"Enyi watu! Nina jambo la kuungama! Tangu mvua zianze, miguu yangu haifiki chooni. Chungu changu cha haja, kila alfajiri, namwagia humo bwawani!"

Fundi ngoma mmoja, Shamte, alikuwa amejaza maji mdomoni, anamrushia shemeji yake. Pfuuu!

"Haja gani, bibi?" akauliza kwa sauti nyembamba.

"Zote mbili!" akajibu Bi Mashavu. "Na nyie wapishi, maji ya wali mmechota wapi?"

Lo! Yowe likapasuka. Watu wakaruka nje ya maji kama chura wa kwenye moto. Wapishi wakatupa miiko. "Mshikeni! Mshikeni bibi mchafu!" Bi Mashavu akageuka, akapanda kilima, mbio! Yule asiyefika chooni, leo hakamatiki. Kijiji kizima nyuma yake, wengine wameshika nguo, wengine hawana cha kushika.

Kufika juu akageuka, akawahesabu kwa macho. Wote wapo? Akatazama bwawani. Tumbo! Jumbe Ngwali anaelea chali, masikio yamo majini, hajasikia hata neno moja.

Bi Mashavu akaogopa. Akajiambia, "Mwache." Miguu ikakataa kumwacha. Akateremka, akaokota pera bichi, gumu kama jiwe, akalenga. Pwaa! Katikati ya kitovu.

"Nani huyo? Nani kampiga Jumbe?"

"Mimi! Njoo unirudishie kama mwanamume!"

Jumbe akatoka kwa hasira, taulo akalisahau. Bibi mbele, Jumbe nyuma, tumbo kati yao. Hawajafika nusu ya kilima, ardhi ikanguruma. Gudu-gudu-gudu, BOOO! Ukuta ukaenda. Maji yakaenda, mawe yakaenda, masufuria, wali, kivuli na mti wake, vyote vikaenda.

Watu wakakaa chini. Hakuna aliyetukana tena. Jumbe alisimama kama alivyozaliwa.

"Bi Mashavu," akasema, "kumbe ni kweli."

"Kipi? Ukuta au chungu?"

Jumbe akajipangusa midomo. "Ukuta."

"Ukuta ni kweli," akasema bibi, akamvua Shamte kanga aliyojifunga, akampa Jumbe ajistiri. Habari ya chungu hakuisema mpaka anaingia kaburini.

Ukuta ukajengwa upya, Jumbe mwenyewe akibeba mawe, na tumbo likapungua. Mlango wa maji hauzibwi tena. Pale hata leo, kabla hujavua nguo, unateremka kwanza chini ya ukuta kutazama jasho lake. Wengine hunusa na maji.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: ukuta haujui kama mmekuja kulima au kucheza. Ukichoka, umechoka. Utazameni, na anayewaambia umechoka msimcheke.

Mimi nimefika mwisho wa hadithi yangu. Mwenye nyingine ndefu zaidi na aisimulie yeye, mimi koo limekauka.