Dawa Haipimwi kwa Povu

"Dawa haipimwi kwa povu." Mmemsikia fundi Angolwisye akimwambia hivyo kijana wa watu, mkacheka, kisha mkauliza fundi cherehani na dawa wapi na wapi. Haya, sogeeni. Neno hilo lilizaliwa katika duka la dawa la Tulinagwe, hapa hapa Mbeya, alasiri moja ya mvua, mama na binti yake wakiwa katikati ya ugomvi.

"Alhamisi utakwenda," Tulinagwe alikuwa akisema, "hata kwa kutambaa."

"Mama, siendi. Nimechoka."

"Nani hajachoka? Uchovu haujawahi kuua mtu."

"Umeua wengi tu. Wewe unauza dawa, hujui?"

Tulinagwe akabamiza droo ya vidonge. Binti huyo, Ikupa, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisoma shahada ya sayansi, na Alhamisi hiyo alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kuingia shule ya famasia. Shule yenyewe ilichukua wachache, na walioitwa kwenye usaili walionekana mtaani kama wameshapita. Tulinagwe alikuwa ameshawaambia wanakwaya wenzake. Alikuwa ameshamwambia hata mwenye nyumba.

Yeye mwenyewe alikuwa na stashahada ya famasia. Alitaka kuendelea, lakini mume aliugua, watoto wakaja, duka likamshika miguu. Hamu ile hakuizika. Alimvika binti yake, kama mtu anavyomvika mtoto koti kubwa akisema atalikulia.

Msidhani alikuwa mama mbaya. Alikuwa mama asiyejua kungoja. Aliposikia kwamba shule ile inapenda wanafunzi wanaojishughulisha, akamshughulisha. Alimtafutia nafasi ya kujitolea hospitalini kila asubuhi kabla ya vipindi. Akamtaka agombee uongozi wa klabu ya sayansi, akagombea, akapata. Akamwingiza kwenye kikundi cha kujipima kwa maswali ya usaili. Jioni zilizobaki, Ikupa alifundisha kemia watoto wa sekondari, kwa kuwa hilo nalo lilisomeka vizuri kwenye maombi. Na siku kama hiyo, msaidizi wa duka alipokuwa likizo, alisimama dukani vilevile.

"Umebakiza hatua moja," Tulinagwe akasema, sasa kwa sauti ya chini, maana na yeye miguu ilikuwa imemvimba tangu asubuhi. "Hatua moja, Ikupa. Mtu anafika mlangoni halafu anageuka?"

"Nimefika mlangoni nikiwa mtupu."

"Mtupu! Na hayo yote uliyoyafanya?"

Mteja alikuwa amefika dirishani, maji ya mvua yakimtiririka kichwani. Ndiye fundi Angolwisye, wakati huo kijana bado, amembeba mwanawe mgongoni kwa khanga ya mkewe. Mtoto alikuwa akihema kwa kukoroma, macho yamelegea kwa homa.

"Msinicheke khanga," akasema. "Mama yake amelala, naye anaumwa. Daktari ameandika hii."

Tulinagwe akasoma cheti. Ilikuwa dawa ya kifua ya watoto, ile inayokuja ikiwa unga ndani ya chupa, ikachanganywa na maji dukani mpaka kwenye mstari uliochorwa ubavuni. Alimpa Ikupa chupa, yeye akageuka kumpima mtoto homa.

Kazi ile Ikupa aliijua tangu akiwa na sare ya shule. Unatia maji kiasi, unatikisa mpaka unga wote ulowe, unaweka chini na kusubiri. Povu likishuka, unaongeza maji mpaka mstarini. Siku hiyo alimimina, akatikisa kwa nguvu huku macho yamemfumbika nusu, akaona weupe umepanda hadi mstarini na kuupita. Akafunga kifuniko, akaandika maelekezo, akampa fundi chupa.

Fundi alikuwa ameshageuka kuondoka, Tulinagwe alipoitupia chupa jicho.

"We fundi! Rudi."

"Nimeshalipa, Mama Ikupa."

"Sikudai. Lete hiyo chupa."

Akaiinua kwenye mwanga. Juu weupe mwepesi, chini maji mazito, na kati ya mawili hayo hapakuwa na mpaka wa kuaminika.

"Mama, imejaa mpaka shingoni," fundi akalalamika. "Mnatafuta nini tena? Mtoto anachemka."

"Ukimiminiwa bia, glasi ikajaa povu, unamlipa mhudumu?"

"Namrudishia glasi yake! Mimi si mjinga."

"Basi bia unaijua kuliko dawa. Dawa haipimwi kwa povu. Ngoja litulie ndipo uone kilichomo."

Akaiweka chupa juu ya meza. Wakangoja. Mvua ilipiga bati, mtoto akakoroma mgongoni mwa baba yake. Povu likaanza kuvunjika pembeni, likabonyea katikati, likashuka. Liliposhuka, dawa ikaonekana ilipo hasa, na ilikuwa chini ya mstari, chini sana.

Fundi akapiga mluzi. "Loo! Kumbe nilibeba hewa."

"Ulibeba dawa kali," Tulinagwe akasema. "Maji hayakutosha. Kila kijiko kingemzidia mtoto, na chupa ingekauka kabla siku zake hazijaisha." Kisha akamgeukia binti yake. "Hili nilikufundisha ili yeyote akisahau, wewe usisahau."

"Sijasahau, Mama."

"Basi kwa nini hukungoja?"

"Nilipoona kumejaa, nilishukuru tu kwamba nimemaliza."

Akasema hivyo bila kujitetea, kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Akachukua maji, akaongeza kidogo, akatikisa, akaweka chini, akangoja. Akaongeza tena mpaka mstarini. Safari hii aliinama macho yakiwa sawa na alama. Alipomkabidhi fundi chupa, alimwomba radhi.

"Mtoto hajanywa, dada. Yameisha," fundi akasema. Akaazima turubai la dukani, akajifunika, akatoka na mwanawe. Mtoto alipona, na fundi ndiye aliyelitembeza neno lile kwenye kibanda chake cha cherehani, akiwapa wateja wanaotaka suti kabla hajapima kiuno.

Lakini dukani mambo hayakuwa yameisha. Ikupa alikaa kwenye kreti la soda, mgongo ukutani.

"Mama," akasema, "na mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Ulimwambia fundi angoje, aone kilichomo. Mimi umenitikisa mwaka mzima. Hospitali, klabu, kikundi, kufundisha. Ukinitazama nimejaa. Hebu niulize swali."

"Swali gani?"

"Lolote la kemia. La mwaka huu."

Tulinagwe akamuuliza jambo dogo, jambo ambalo yeye mwenyewe alilijibu kwenye mtihani wake wa stashahada: kwa nini dawa nyingine huharibika zikikaa kwenye maji, hata tunazihifadhi zikiwa unga. Ikupa akafungua mdomo. Yakatoka maneno mazuri, maneno ya kikundi cha usaili, kuhusu wito, kuhusu jamii, kuhusu kuokoa maisha. Katikati ya sentensi akajikatiza.

"Sijui," akasema. "Nilikariri, nikafaulu kwa shida, nikakimbilia zamu. Hakuna kitabu hata kimoja nilichokisoma mpaka mwisho. Famasia naitaka, Mama, usije ukasema siitaki. Naitaka mwakani, nikiwa na kitu ndani."

Tulinagwe aliyafikiria macho ya wanakwaya. Alimfikiria mwenye nyumba. Kisha akaitazama ile sehemu ya meza chupa ilipokuwa imesimama, na akili ikamwonyesha mtoto wa mtu mwingine, dawa nyingine, na Ikupa ndani ya koti jeupe, akisinzia. Akavuta pumzi ndefu. Na yeye alichoka ghafla, uchovu wa miaka, si wa siku ile.

"Namba ya watu wa udahili unayo?"

"Ninayo."

"Piga. Sasa hivi, kabla sijapata akili nyingine. Na ukimaliza, uwapigie klabu kwamba unaacha uongozi, kisha ukalale."

Ikupa akapiga, akafungulia spika ya simu ili mama naye asikie. Alijitaja jina, akasema anaomba aondolewe kwenye usaili wa Alhamisi na kwamba ataomba upya mwakani. Upande wa pili makaratasi yakasikika yakipekuliwa.

"Dada, una uhakika?" sauti ikauliza. "Maombi yako nimeyaona. Yamejaa vizuri kuliko ya wengi."

Ikupa akamtazama mama yake. Tulinagwe akaiinamia simu.

"Yamejaa, mwanangu," akasema, "lakini dawa haipimwi kwa povu."