Pimbi, Kiboko na Mizigo Kumi ya Miiba

Haya jamani, niseme nisiseme?

*Sema!*

Ya kweli au ya uongo?

*Yoyote, mradi tamu!*

Basi sogeeni.

Palikuwa na chuo cha wanyama kando ya mto, na Msajili wake alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo, muhuri na sheria. Sheria ilisema: asiyefikisha wastani wa alama nne haendi kwao. Anabaki mwaka mwingine, na kila Ijumaa anamletea Msajili chakula cha mchana. Si ajabu waliobaki walikuwa wengi.

Mmoja wao alikuwa Pimbi, binti mdogo wa mlimani. Kwao, kila jua likichomoza, pimbi wote hujibanza juu ya jiwe moja, bega kwa bega, wakiota joto. Dirisha la darasa lilielekea jiwe lile. Kwa mbali lilikuwa dogo kama punje, lakini alilijua. Mwaka wa kwanza alilitazama. Mwaka wa pili alilitazama. Mwaka wa tatu aliomba kukaa kiti kinachotazama ukuta.

Alama zake zilikuwa mbili. Kukwea mawe, tano, na juu ya tano hakuna kitu. Kuogelea, moja, na hiyo moja alipewa kwa sababu hakufa.

"Tano na moja?" Kiboko aliuliza kila mwaka.

"Sita, mzee."

"Masomo mangapi?"

"Mawili, mzee."

"Sita kwa mbili, tatu. Umebaki!" Muhuri ukalia: ndu!

"Lakini mzee, kukwea tunasoma vipindi kumi kwa juma. Kuogelea kimoja tu!"

"Somo ni somo, binti. Usiniletee ujuaji. Niletee tikiti."

Na chakula nacho Kiboko alikipa alama. Aliyezoea muhuri hali bila kupima. Tikiti, tano. Miiba, moja. Chakula chenye wastani chini ya tatu kilirudishwa na barua ya onyo.

Ijumaa ikafika. Pimbi akaleta tikiti moja. Halafu akaburuta mzigo wa miiba, kwaru, kwaru. Akaburuta wa pili, kwaru, kwaru. Akaburuta mpaka wa kumi.

"Nini hiki?" Kiboko akafoka.

"Chakula, mzee. Tikiti tano, miiba moja. Sita kwa mbili, tatu. Kimefaulu."

"Kimefaulu wapi? Tikiti ni moja, miiba mizigo kumi!"

"Chakula ni chakula, mzee."

Tumbo la Kiboko likanguruma: guruguru! "Wewe! Kila kitu kihesabiwe kwa wingi wake! Tikiti tano mara moja. Miiba moja mara kumi. Kumi na tano, gawanya kwa kumi na moja: moja na ushei! Andika waraka!"

"Wa chakula tu, mzee, au wa kila kitu?"

"Wa kila kitu!" Ndu!

Muhuri ukishalia, hata Msajili mwenyewe hana fomu ya kuufuta. Pimbi akaweka cheti chake juu ya waraka, kwa adabu.

"Kukwea, tano mara vipindi kumi, hamsini. Kuogelea, moja mara moja. Hamsini na moja, gawanya kwa kumi na moja: nne na ushei. Kwaheri, mzee. Tikiti kula, limeiva."

Akakimbia, pa-pa-pa, usiku na mchana. Jua lilipochomoza aliwakuta wamejipanga juu ya jiwe. Katikati palikuwa na pengo.

"Hapa anakaa nani?"

"Wewe," mama yake akasema. "Siku za baridi upepo unapita hapo, unatuumiza. Lakini hatusogei."

Pimbi akaingia. Alikuwa amekua, pengo halikumtosha, wote wakabanana. Akamweleza mama yake hesabu ya wastani, na mama akafikiri sana.

"Basi asubuhi za kukungoja ni nyingi, mwanangu, na ya kurudi ni hii moja. Wastani wetu si utakuwa mdogo mno?"

"Hii tupige kwa hesabu ya Kiboko, mama. Kungoja, moja. Kurudi, tano. Sita kwa mbili, tatu."

"Tatu inatosha?"

"Hapa inatosha."

Funzo, watoto: msibishane na msajili, pelekeni tikiti kwa wakati, na someni kuogelea. Ndivyo Pimbi alivyofaulu.

Nami nimefika ukingoni. Uliyesikia, umefaulu, uliyesinzia, umebaki mwaka.