Kelele za Jogoo Zilivyopata Mnunuzi

Kaeni vizuri. Na yule aliyekuwa akinung'unika kwamba jogoo amemkatizia usingizi leo, asogee mbele kabisa, maana maneno haya ni yake. Mnamlaumu jogoo bure. Mngemjua mkewe, mngemhurumia.

Hapo kale kuku hawakujua ua wala banda. Waliishi msituni, wakilala juu kabisa ya mninga, na waliruka kama ndege wengine wanavyoruka. Jogoo wa siku hizo alikuwa mtu wa raha zake. Aliamka jua likiwa limeshampasha mgongo, akashuka, akadonoa kumbikumbi wawili watatu, akarudi tawini. Kuwika hakuwika. Awike ana shida gani?

Shida ilianza alipomwoa Mtetea.

Mtetea hakuwa na tabia mbaya. Hilo Jogoo mwenyewe alilikubali mpaka mwisho. Ila alikuwa hatulii. Akikuta majani yamelala chini, lazima ayafukue aone kuna nini, na akikuta kitu lazima ajiulize nani anakihitaji. Manyoya yaliyowapukutika, ambayo ndege wengine waliyaacha yapeperuke, yeye aliyakusanya akampa Mbayuwayu atandike kiota chake. Mbayuwayu naye, kwa kuwa huruka juu, akawa anamwambia mwewe yuko upande gani. Jogoo alicheka sana. Akaacha kucheka siku manyoya ya chini yalipokwisha, akamwona mkewe anautazama mkia wake.

"Huu hapana," alisema Jogoo.

"Nimetazama tu, baba watoto."

Na kweli alikuwa akitazama tu, kila siku, kila kitu, na kuanza kutazama alianza kabla giza halijatoka. Msimu mmoja alijaza mtama-mwitu kwenye tundu la mti ili kiangazi wenzake wamfuate. Mvua ikaingia tunduni, mtama wote ukaoza. Jogoo alijiandaa kumbembeleza mke wake. Mtetea akachungulia mle ndani, akasema, "Angalau sasa tunajua kwamba linavuja," kisha akaenda kuwaita kina Kwale waje wale funza waliozaliwa humo, na kwa malipo wamlindie kiota. Jogoo angekuwa na mikono angeshika kichwa.

Kitu kimoja tu kilimshinda Mtetea, nacho ni Kenge. Kwale walilinda mpaka wakachoka, na kila alipotaga, Kenge alipita akala. Hakubakiza hata yai moja la kulaliwa. Hapo Mtetea alilia, na Jogoo alilia naye, maana ukoo wao ulikuwa unaishia tumboni mwa Kenge.

Basi asubuhi moja Mtetea akatoweka, asirudi mpaka jua la utosi. Alikuwa amefika ukingoni mwa msitu, kwenye boma la mwanamke aitwaye Nyamizi na mumewe Maganga. Alimkuta Nyamizi anapepeta mtama, makapi yanaanguka chini, na hayo makapi hayana mwenyewe. Ndege mwingine angedonoa akaondoka. Mtetea alisogea akaanza mazungumzo.

"Tunahama," alimwambia mumewe aliporudi. "Tutakula makapi, tutalala bandani, na mwewe au kenge akija Bi Nyamizi atamfukuza kwa fimbo. Mimi nitamwachia baadhi ya mayai. Mengine nitayalalia."

"Yaani umeuza watoto wetu."

"Kenge alikuwa anawala wote, na hajawahi kutupa hata punje."

Jogoo alitutumua manyoya ya shingo. "Haya, na mimi?" aliuliza. "Mimi sitagi. Huko naenda kufanya nini?"

"Nimesema tunakuja wawili. Kazi yako tutaijua hukohuko."

Tutaijua hukohuko. Jogoo alirudia maneno hayo njia nzima, akiyatema kama mchanga. Mtu gani mwenye akili zake anahamisha nyumba kwa neno kama hilo? Lakini alimfuata. Angebaki msituni na nani?

Walipofika, vifaranga wakaanguliwa, wakaishi. Hilo hawezi kulikataa. Lakini usingizi wake ulikufa. Banda lilikuwa dogo, na Mtetea alitaka kuwahi kwenye kinu kabla njiwa hawajaamka, kwa hiyo kila alfajiri alitoka kwa kumkanyaga mumewe mgongoni. Jogoo alinyoosha shingo akamfokea kwa nguvu zake zote, kwamba arudi alale, kwamba tumeshiba, kwamba makapi hayana miguu. Boma zima lilimsikia. Mtetea alijibu kwa kucha kutoka mbali, yaani kwa kuparura.

Wakakaa hivyo mpaka siku baba yake Nyamizi alipobisha hodi bila kutoa taarifa. Mkwe ni mkwe. Maganga alimkaribisha, akamvutia kigoda, kisha akatoka uani kunong'ona na mkewe.

"Mkwe hawezi kula mlenda mtupu," alisema. "Yule anataga, vifaranga bado wadogo. Na huyu mwenye mkia, ana kazi gani hapa?"

Jogoo alilisikia swali lake mwenyewe likitoka kinywani mwa mtu mwenye kisu. Akakimbia, akakunjua mbawa, akaulenga ule mninga wake wa zamani. Lakini makapi yalikuwa yamemnenepesha. Alifika juu ya paa la ghala, akateleza, akaangukia miguuni pa Maganga.

Mtetea akaja mbio, akasimama katikati.

"Mzee Maganga," alisema, "tangu tuje hapa, umewahi kuchelewa shambani?"

Maganga alifikiri. Majirani zake walifika shambani jua limeshakuwa kali, na wakamkuta yeye ameshalima. "Sijachelewa," alisema.

"Nani anakuamsha?"

Maganga akamtazama Jogoo. Jogoo akafungua mdomo aseme kwamba yeye hajawahi kumwamsha mtu, kwamba alikuwa akigombana na mke wake. Mtetea akamkanyaga kidole.

"Hiyo ndiyo kazi yake," alisema Mtetea. "Tumekufanyia bure muda wote huu, ili uonje kwanza."

Maganga akashusha kisu. Hata hivyo hakuwa mjinga. "Sawa," alisema, "lakini wa kuniamsha anatosha mmoja. Na siku asipowika, nitajua kazi imemshinda."

Mkwe akala ugali na mayai siku hiyo, akasifu sana. Kabla hajanawa mikono, Mtetea alikuwa ameshamfikia pale kwenye kigoda, anamuuliza kwake wanapepeta mtama mara ngapi. Ndivyo kuku walivyofika boma la pili, na la tatu, na hili letu.

Jioni Jogoo alishindwa kuzuia. "Umeuza hasira zangu," alisema.

"Nimezibadilisha na shingo yako, baba watoto. Zilikuwa zinapotea bure."

Akalala. Jogoo alibaki macho, amechoka na mwanamke huyu kuliko alivyowahi kuchoka, na akijua kwamba bila yeye angekuwa ndani ya chungu.

Na tangu siku hiyo kuku hufukua hata akisimama juu ya lundo la mtama, maana hawezi kuamini kwamba vyote viko juu. Na ukiona majogoo wawili wanapigana uani, usidhani wanagombea mke; wanagombea kazi ya kuamsha, kwa sababu nafasi ni moja. Jogoo naye huwika kila alfajiri, amekasirika au hakukasirika, mvua au baridi, ameamka vibaya au vizuri. Wewe uliyekerwa leo, kesho toka nje umwangalie akishamaliza. Hufunga mdomo, huinamisha kichwa upande mmoja, hutulia kabisa. Anasikiliza kama kuna mgeni anabisha hodi.