Majivu Miguuni mwa Mwene Kilama

Enzi hizo, watu wa Mbwili walipokuwa bado wachache hata wakajuana kwa vikohozi, neno la kweli lilikuwa njia ya kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha, ardhi hulowa. Basi mtu akiona ardhi imelowa alibeba jembe akaenda kupanda, hata kama aliyeilowesha ni jirani aliyejikwaa na mtungi. Msiwacheke sana. Mambo ya dunia yao yalikuwa machache, na mara nyingi kubahatisha kwao kulitoka sawa. Nanyi mnajua, mtu akibahatisha sawa mara nyingi huanza kujiita mwenye hekima.

Aliyesifiwa kwa hekima kuliko wote alikuwa Mwene Kilama, mtawala wao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchache wa maneno, na kila alilosema lilikuwa fupi tena limenyooka, watu wakaondoka nalo kama moto wa kuazima. Yeye naye alilijua hilo. Hakuna kilichomfurahisha kama kusikia neno lake likitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Watu wakala walichokuwa nacho, wakabakiwa na mtama wa mbegu tu, wakauweka wote katika ghala moja kungojea mawingu. Kuila mbegu ile kulikuwa sawa na kuwanyang'anya watoto chakula cha mwaka utakaofuata, na kila mtu alilielewa hilo, hata aliyelala na njaa. Jioni moja Kilama akachukua majivu, akayamwaga kwa mikono yake mwenyewe kuzunguka ghala, ukanda mpana asioweza mtu kuuruka. Kisha akawakusanya watu akasema, "Atakayeingia ghalani atatoka na majivu miguuni."

Lilikuwa neno la kweli. Lishikeni hivyo hivyo, maana hamkuwa na uongo ndani yake hata chembe.

Asubuhi kikapu kizima cha mbegu hakikuonekana. Nyayo hazikusomeka, kuku walikuwa wamekwisha kuyachakura majivu. Kilama hakungoja hata kunawa uso. Akaketi kwenye kigoda chake, vazi lake la ngozi likimfunika hadi chini, akaamuru kila mtu apite mbele yake aonyeshe miguu. Wengi walikuwa wametoka kuoga kwenye vidimbwi vilivyosalia mtoni, kama ilivyokuwa desturi ya alfajiri, na miguu yao ilikuwa safi. Wakapita mmoja mmoja, wakapumua.

Ndipo akaja Sikudhani. Huyu alikuwa mfinyanzi, mjane wa mdogo wake Kilama, na mikononi alibeba chungu kipya alichomfinyangia mke wa Mwene. Miguu yake ilikuwa myeupe hadi vifundoni.

Alieleza kwamba alikuwa ameamka mapema kutoa vyungu kwenye shimo la kuchomea, na anayetaka aende akavishike, bado vina joto. Hakuna aliyekwenda. Kwa nini waende? Mwene alikwisha kusema mwizi atakuwa na majivu, na majivu hayo hapo. Sikudhani akawatazama, akaona hakuna anayemsikiliza, akamgeukia shemeji yake.

"Mwene, ulilosema ni kweli. Na mimi sikuingia ghalani."

Watu wakacheka. Walidhani hofu imemvuruga akili, maana kwao mambo hayo mawili hayakukaa chungu kimoja: ama Mwene ni mwongo, ama mwanamke ni mwizi. Kilama mwenyewe alihisi kitu kikimchoma kidogo, kama mwiba uliovunjikia ndani. Lakini watu walikuwa wanamtazama. Akafikiri, huyu ni mke wa marehemu ndugu yangu, nikimwachia watasema napendelea wa kwangu. Kwa hiyo akajikaza, na kule kujikaza akakuita haki. Akaamuru Sikudhani avuke mto, aende kwenye majabali ya upande wa pili, asirudi tena. Kule hapakuwa na maji wala mzizi wa kuchimba, na kila aliyekuwapo alijua maana ya hukumu hiyo. Sikudhani akaweka chungu chini taratibu kisivunjike, akaondoka.

Jua lilipofika utosini Kilama akarudi nyumbani. Mkewe, Semeni, alimletea maji katika kile chungu kipya, akapiga magoti amwoshe miguu kama alivyozoea.  Maji yalipomwagika miguuni yalishuka yakiwa ya kijivu. Semeni akayatazama yakitiririka, kisha akauliza bila kupaza sauti:

"Mume wangu, wewe uliingia ghalani lini?"

Kilama akafumbua kinywa kumjibu kwamba yeye ndiye aliyeyamwaga majivu yale. Jibu lilikuwa jepesi, tena la kweli. Lakini halikutoka. Asubuhi ile ile alikuwa amepewa jibu jingine jepesi na la kweli, na vyungu vyenye joto hakwenda kuvishika. Nyani haoni kundule. Akaona haya, akaona uchungu, akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Aliona sasa kwamba kutoka ghalani kweli njia inakwenda kwenye majivu, lakini kwenye majivu zinafika njia nyingi: ya jikoni, ya shimo la mfinyanzi, na hata ya mkono wa Mwene. Neno lake lilikuwa njia ya kwenda tu, naye alikuwa amemrudisha mtu ghalani kwa njia isiyokuwapo.

Akachukua kile chungu, akakijaza kwenye kidimbwi, akajitwika kichwani, jambo ambalo mwene wa Mbwili hakuwahi kulifanya. Alikwenda mbio kadiri maji yalivyomruhusu, akiogopa atakachokikuta. Alimkuta Sikudhani amejibanza kwenye kivuli chembamba cha jabali, midomo imepasuka, lakini yu hai. Akamnywesha. Akamwambia yote, kisha akamsihi warudi nyumbani.

Sikudhani akaitazama miguu ya Kilama iliyooshwa nusu.

"Shemeji, leo umeiona miguu yako kwa kuwa Semeni alikuosha," akasema. "Kesho nani atakuosha kabla hujasema?"

Kilama, yeye aliyesifiwa kwa maneno, akakishika chungu. Akapiga magoti, na kwa maji yaliyobaki akamwosha miguu shemeji yake.

Waliporudi aliwaita watu, akaenda peku akasimama kwenye majivu ya ghala, akavuta vazi lake juu ili wote waone. Akauliza nani anamwita yeye mwizi.  Akawataka nao wakanyage, wakubwa kwa wadogo, na kila aliyekanyaga alirudi mahali pake akiangalia chini. Hakuna aliyemwangalia Sikudhani machoni siku hiyo. Yeye alirudi kwenye udongo wake. Mvua ilipokuja alipanda kama wengine, ila ilichukua muda mrefu kabla hajampelekea tena Semeni chungu. Moyo haurudi kwa amri.

Na mwizi je? Msiniulize, hakujulikana hadi leo. Huenda ndiye aliyekuwa na miguu safi kuliko wote asubuhi ile.

Na tangu siku hiyo, siku ya shauri watu wa Mbwili humwaga majivu barazani. Mwamuzi hukanyaga wa kwanza, kisha mshitaki, kisha kila aliyekuja kusikiliza. Wageni hudhani ni tambiko. Aliye na miguu safi ni mshitakiwa peke yake, kwa kuwa mwamuzi humwosha kwa mikono yake kabla ya kusema lolote. Maji hayo lazima mwamuzi ayateke mwenyewe mtoni, ayabebe kichwani kwa chungu cha udongo, polepole yasimwagike. Visima vimechimbwa karibu na baraza miaka mingi iliyopita, lakini maji ya shauri hayatekwi huko. Wazee wanasema mwamuzi anahitaji urefu wa ile njia.