Mlango wa Kipimo cha Fisi

Hapo kale, mwishoni mwa kiangazi, Fisi alimla Kware, karani wa ushirika wa akiba, pamoja na mbegu alizobeba.

Tukio hilo, wanangu, lilitokea kwenye njia ya makao makuu ya ushirika, penye ghala la mbegu, nyuma ya kilima. Tangu hapo hakuna mwanachama aliyethubutu kupita. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Mbegu zingebaki mashimoni mwao, mvua ingeziozesha, na watoto wangekosa chakula mwaka mzima.

"Tujenge tawi hapa hapa," alisema Pimbi, fundi wa ushirika.

"Kwa kipi, Bi Pimbi?" aliuliza Digidigi, mweka hazina. "Tuna miti ya kuta tatu. Ukuta wa nne hatuna, mlango hatuna, mlinzi hatuna!"

"Tuanze na hizo tatu."

Wakakanyaga udongo, chwa! chwa! Kijiti kikivunjika porini, wote walijitupa chini. Wakaezeka nyasi, nazo zikaisha kabla ya kufika upande wa mbele.

Kuta zilipokauka, kicheko kikasikika. Kwi-kwi-kwi!

Fisi alikuwa amesimama kwenye upande ulio wazi.

"Hodi, majirani. Naona mnanijengea ghala."

"Karibu, Mzee Fisi," alisema Pimbi. "Tulikuwa tunakungoja. Umebaki mlango."

"Uwe mpana! Ukinibana, namla fundi kwanza."

"Ndiyo maana tunakuhitaji, mzee. Kwetu mlango haupimwi kwa kamba. Hupimwa kwa mwili wa atakayeutumia. Simama hapo katikati, uso nje, kama mlinzi. Sisi tutakandika pembeni."

"Halafu?"

"Usitikisike mpaka udongo ukauke. Ukitoka mapema, mlango utakuwa mdogo."

Fisi akasimama.

Pwa! Pwa! Digidigi alikandika karibu na meno. Mate yalimdondokea mgongoni.

"Unanukia vizuri, mweka hazina."

"A-asante, mzee."

"Hapo shingoni mmeacha mwanya. Zibeni!"

"Tunaziba, mzee."

"Na chini ya tumbo, mnaweka nini?"

"Kizingiti," alijibu Pimbi.

Jua la mchana likawaka. Udongo ukawa mgumu kama jiwe.

"Tayari?" aliuliza Fisi.

"Tayari. Pita, mzee."

Fisi akavuta mguu. Akavuta mwingine. Ukuta haukusogea.

"Pimbi! Nimekwama!"

"Hujakwama, mzee. Umeenea."

Fisi akanguruma hadi vumbi likadondoka. Digidigi alikimbia. Pimbi alitoboa tundu dogo kwenye ukuta wa nyuma, na jioni hiyo wanachama wakaingiza mbegu, wakipita chini ya mkia wa Fisi bila kupumua. Upande wa pili meno yalisagana, kri! kri!

Mbweha alikuja kupeleleza. Aliona kichwa cha Fisi ukutani, akatimua mbio. Wezi wengine hawakujaribu. Wanachama walimmiminia Fisi maji ya kunywa kutoka juu, wakiwa mbali na mdomo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, wanachama walitoa mbegu zote, wakaenda kupanda. Mvua haikukatika. Nyasi zilikinga kuta tatu. Ukuta wa nne, wa Fisi, ukalainika.

Chubwi! Fisi akachomoka. Akageuka, akajitupa ndani mdomo wazi.

Alikuta sakafu tupu.

Mwenye tamaa husimama mwenyewe mahali pa kufungiwa.