Nakijwa na Gauni la Sare

Mkulima mmoja wa vitunguu, jina lake Kiondo, alikuwa na binti aliyechelewa kuelewa mambo tangu utotoni. Binti huyo, Nakijwa, alipokuwa mtu mzima alianza kukataa chakula. Akilazimishwa, alimeza, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Mwili ukamwisha. Nywele zikaanza kunyonyoka.

Majirani walisema, "Watu wa namna hiyo ndivyo walivyo." Hata kwenye zahanati walimpima malaria tu, wakamrudisha.

Namsifu, dada yake Kiondo, akaja na shauri lake. "Kaka, mshike mikono nimlishe. Huyu hana sababu, ni akili tu."

"Mbuzi wako akisusa majani unamwangalia mdomo kwanza," Kiondo alimjibu. "Mwanangu ndiye unataka kumkaba?"

Kiondo alikuwa amemuuliza binti yake mara nyingi, "Kwa nini huli?" Binti aliinamisha kichwa tu. Siku hiyo akauliza vingine.

"Mwanangu, nionyeshe unachokitaka."

Nakijwa akaingia chumbani. Alitoka amevaa gauni la dada yake, ile sare waliyoshonewa mabinti wengine wote wa ukoo kwa harusi ya binamu yao iliyokwisha kupita. Lilimpwaya, mabega yote nje.

"Sasa linanienea," alisema akitabasamu. "Shangazi, na mimi nitakwenda harusini?"

Namsifu akaketi chini. Siku ya harusi ni yeye aliyemwambia, "Wewe mnene, sare haikuenei. Baki nyumbani."

Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, kitambaa kilikuwa kingi, kingetosha kumshonea na yeye. Niliona aibu wageni wamwone."

Kiondo akainuka. Alimfunika binti yake kitenge, akampeleka hospitali ya wilaya.

Daktari akaanza, "Kwa akili yake hii..."

"Akili yake naijua, daktari," Kiondo akamkatiza. "Nimekuja utibu huku kutokula."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia Nakijwa na kuanza kuzungumza naye mwenyewe.

Matibabu yalichukua muda mrefu, na ziko siku Nakijwa alirudi nyuma. Lakini alipona. Namsifu alikuja kila mchana, akala naye sahani moja, bila kumhimiza wala kumtazama mdomoni.

Funzo: Mwenye ulemavu wa akili huumizwa na maneno kama wewe unavyoumizwa. Akikataa chakula usiseme ndivyo alivyo. Tafuta kilichomuumiza, na umpeleke atibiwe.