Muadhini Aliyenong'ona Ijumaa Arubaini

Inasimuliwa kwamba... lakini ya nini kusema inasimuliwa, na mimi nilikuwepo? Nilikaa hatua tatu kutoka kwa kadhi, nikaona kwa macho yangu haya mawili, na msianze kunihesabia miaka. Kusoma sikusoma sana, chuoni nilitoka mapema, ila kuona naona hata nikisinzia.

Katika mji wa Mtandawanga wa zamani alikuwako muadhini, mja mwema, akiitwa Mzee Shekuwe, Mola amrehemu. Sauti gani ile! Akiadhini alfajiri nazi zilidondoka zenyewe, na viziwi wa mji wa pili wakaamka kutawadha. Kazi yake nyingine ilikuwa kujaza birika la msikiti. Maji aliyabeba mgongoni tangu ujana, mpaka mgongo ukapinda kama ndoana.

Siku moja akakuta punda kisimani, hana mwenyewe. Punda mpole, akikutazama unajiona umesamehewa. Shekuwe akamwita Marashi. Sasa, ada ya mji ule, na wanachuoni msinirukie, ndivyo walivyokubaliana wenyewe: aokotaye mnyama amtangaze mlangoni mwa msikiti Ijumaa arubaini, mbele ya mashahidi wawili. Mwenyewe asipotokea, mnyama ni wa aliyemwokota.

Shekuwe akatangaza. Lakini moyo ulikuwa umeshaingia kwa punda. Alimnywesha kabla hajanywa yeye, akamfungia uani jua lisimchome. Basi kila Ijumaa alingoja watu watoke, wainame kutafuta viatu vyao vya makubadhi, huyu anasema hiki changu, yule anasema umenikanyaga, ndipo naye akasema ndani ya ndevu, "Kuna punda ameokotwa." Mashahidi waliokuwa ubavuni mwake wakasikia. Ijumaa hiyo ikahesabiwa.

Mkewe, Bi Mize, alikuwa mcha Mungu na mwenye ulimi. Akamwambia, "Mume wangu, una nini na koo?"

"Linaniwasha, mke wangu."

"Koo gani hilo linalowasha Ijumaa tu, tena baada ya swala? Adhana umeitoa kuku wangu wamekimbia!"

Shekuwe akacheka, akaenda kumkuna punda masikio. 

Ijumaa ya arubaini ilipopita, akamtoa Marashi barabarani mchana kweupe. Hawakufika mbali. Punda alisimama, akalia, akaenda kumwekea kichwa begani mwanamke mmoja mjane, Bi Mwanakheri, muuza nazi. Tangu punda wake akate kamba, mama yule alikuwa akibeba nazi kichwani kutoka kijijini kwake, mwendo wa nusu siku.

Mama akasema punda ni wake, wakaenda kwa kadhi, Sheikh Muhidini. Mashahidi wakasema kweli tupu: alitangaza, na Ijumaa zimetimia.

Bi Mwanakheri akasema, "Mimi kila Ijumaa niko nyuma ya ukuta wa msikiti na nazi zangu. Adhana ya mzee huyu inanitetemesha meno. Tangazo sikulisikia hata mara moja. Lakini ikiwa sheria imempa, Sheikh, nimeridhika." Kisha akamgeukia Shekuwe. "Babu, usimpe maji ya baridi jioni. Tumbo litamsokota."

Shekuwe akaitazama kamba ya punda mkononi mwake. Kadhi akamtazama. "Mzee wangu, hebu tangaza hapa, kama ulivyotangaza siku zile."

Shekuwe akafungua kinywa. Angeweza kunguruma mpaka dari likashuka, na nani angembishia? Akamtazama punda. Akamtazama Bi Mwanakheri, utosi umepata upara kwa mizigo. Akanong'ona, "Kuna punda ameokotwa."

Kadhi akainama mbele. "Sikusikia."

"Ndivyo nilivyotaka, Sheikh. Nilitangaza nisisikike."

Akamkabidhi mama kamba, machozi yanaingia ndevuni. Bi Mwanakheri akacheka mpaka akashika mbavu. "Astaghfirullahi, babu! Si ungekuja kuniazima tu? Jumatano mimi sitoki. Mchukue, mkajaze birika lenu. Lakini uje kumwomba kwa sauti, nikusikie!"

Ndugu zangu, sheria husikiliza mashahidi, na mashahidi wale hawakusema uongo hata neno moja. Lakini nia haina shahidi ila mwenyewe na Mola wake. Mtu anaweza kutimiza kila herufi ya sheria na bado akawa mwizi, tena mwizi mwenye udhu.

Haya, na mimi niwe mkweli kidogo, maana kisa chenyewe kinanisuta. Lile neno la kadhi, "hebu tangaza hapa," nimelitia mimi. Kadhi hakuuliza kitu. Alikwisha hukumu kwamba punda ni wa Shekuwe, amefunga kitabu, watu wanainuka, na hakuna aliyemshuku mzee wa watu. Akanong'ona mwenyewe, hajaulizwa na mtu. Nilificha hilo kwa kuwa nilijua ndilo ambalo msingeliamini.